Ijumaa Kola Aliponyamaza

Kola ni dobi, na jina hilo alipewa na wateja, si na mama yake. Kola ya shati ikishapita chini ya pasi yake husimama wima mpaka jioni, hata kama mwenye shati hana uti wa mgongo. Mama yake alimpa jina lingine zuri tu, ila siku hizi linatumika akienda benki.

Kibanda chake kimebanwa kati ya duka la dawa na saluni ya kusuka nywele. Ndani kuna meza iliyovishwa blanketi kuukuu na shuka juu yake, pasi ya umeme, pasi ya mkaa kwa siku ambazo umeme umeamua kupumzika (na umeme wa mtaa ule ni mpenda mapumziko), kamba ya kutundikia hanga, chupa ya kunyunyizia maji, na spika ndogo iliyopasuka ubavuni ikafungwa kwa mpira wa baiskeli. Bila ile spika, Kola hafanyi kazi. Ukimkuta spika imeharibika, chukua nguo zako uende nazo nyumbani ukazikalie, maana matokeo ni yale yale.

Yeye hupiga pasi kwa nyimbo. Shati moja, wimbo mmoja. Wimbo ukiisha kabla hajafika mkono wa pili, basi ni wimbo usio na adabu, umeimbwa na mtu mwenye haraka ya kwenda kulipwa. Kuna nyimbo za leso, nyepesi, zinapita. Kuna nyimbo za suruali, zile za magitaa ya zamani ambazo mwimbaji anakuacha usubiri weee, mpaka upindo wa mguu wa kwanza unyooke, ndipo anafungua kinywa. Kuna nyimbo za kola, hizo zinataka utulivu. Na juu ya zote kuna daraja moja tu, wimbo unaounguza. Huo ni ule unaokusahaulisha pasi uliyoshika. Katika maisha yake yote ya udobi ni wimbo mmoja tu uliowahi kufika huko, na ulikula koti jeupe la muuza dawa wa jirani. Muuza dawa hajasamehe mpaka leo. Kola naye akiisimulia siku ile, uso unamng'aa kama anasimulia harusi yake.

Sasa mtu mwenye elimu kama hiyo hawezi kukaa nayo peke yake. Kila Ijumaa asubuhi alichagua nyimbo zilizompendeza wiki nzima akazituma kwenye kundi la simu la majirani, na kati ya wimbo na wimbo akatia sauti yake. Hapo ndipo palipokuwa na kazi.

"Jamani, wimbo wa kwanza huu hapa," angeanza, taratibu kabisa. "Huyu bwana kinanda anakipapasa utadhani anatafuta ufunguo gizani, halafu anaupata. Sikilizeni hapo anapoupata. Na tukizungumzia giza, ile taa ya barabarani mbele ya saluni imekufa, hatujaambiwa mazishi lini. Diwani anasema tatizo ameliona. Ameliona kwa mwanga upi?"

Basi hapo kinanda kimesahaulika, tumeingia kwenye mambo ya nchi. Angempa diwani vidonge vyake kuhusu mtaro wa maji machafu, ambao umezinduliwa mara mbili kwa utepe na mkasi, na haujapitisha maji hata mara moja. Angehamia kwenye bei ya sabuni. Angepitia kwenye goti lake la kushoto, ambalo linatabiri mvua vizuri kuliko serikali. Angemsema mkwewe, mume wa binti yake, anayevaa suruali za kubana ambazo hazipigiki pasi wala hazikaliki. Halafu, pumzi ikimwishia, angekumbuka: "Haya, wimbo wa pili."

Majirani walimjibu kwa vichekesho na vikaragosi vinavyolia kwa kucheka. Msusi wa saluni aliandika kila wiki kwamba bila Ijumaa ya fundi, wiki haiishi. Kola alizipokea sifa hizo kwa moyo mkunjufu. Aliamini zimegawanywa sawa, nusu maneno, nusu nyimbo. Lakini kuna kitu kilimkereketa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia neno juu ya wimbo wenyewe. Hakuna aliyesema lile gitaa la pili pale linapochelewa makusudi, nimelisikia. Alilingoja neno hilo kila Ijumaa, akajifanya halingoji. Mtu mzima hawezi kuomba kusifiwa, ila anaweza kuangalia simu mara nyingi.

Jumatano moja mkewe alimkuta anafunga kibanda. Mkewe ni mhudumu wa zahanati, anapiga deki, anabeba mabeseni, anashika wagonjwa mkono. Ni kibarua wa mkataba wa muda, na huo muda wenyewe umekuwa mrefu kuliko ndoa za watu wengine.

"Baba watoto," alisema, "nina ombi moja."

"Sema."

"Ijumaa hii tuma nyimbo tu. Usiseme."

"Nisiseme nini?"

"Usiseme."

Kola akamtazama kama aliyeambiwa asipumue, ila kwa heshima.

"Kazini kuna nafasi moja ya kudumu," mkewe akaendelea, macho yakiwa kwenye kufuli. "Jumatatu tunaambiwa nani kapata. Na wewe kila wiki diwani unamwanika kwenye kamba kama shuka. Ijumaa moja tu, mume wangu. Haikuui."

Kola hakuhitaji kuelezwa zaidi. Mtu anayeifahamu siasa ya mtaa mpaka sehemu za siri ataelezwa nini? Kumbe diwani mkono wake umefika mpaka kwenye mabeseni. Alikasirika, akataka kulisema palepale, akakumbuka kwamba ndicho hasa alichokatazwa. Mkewe amesubiri ile nafasi mpaka vidole vimekauka kwa dawa za kusafishia. Kama kimya ndicho bei yake, atanyamaza. Akasema, "Haya."

Ijumaa ilikuja na kila kitu kibaya, maana siku ukifunga mdomo ndipo dunia inapokuchokoza. Umeme ulikatika. Mtaro ulifurika ukaleta mbele ya kibanda kandambili isiyo na mwenyewe. Redio ikatangaza kwamba diwani atauzindua mtaro huo kwa mara ya tatu, Jumatatu. Ya tatu. Kola alikaa juu ya kigoda, simu mkononi, povu limemjaa mpaka masikioni, akajikaza kisabuni. Akatuma wimbo wa kwanza. Akatuma wa pili. Akatuma wa tatu, ambao aliupenda kuliko yote, wimbo wa mama mmoja na waitikiaji wake. Akamaliza, akaweka simu kifudifudi, akaenda kupuliza mkaa.

Simu haikutulia. Wa kwanza aliandika, "Fundi, sauti haijaingia." Wa pili, "Tuma tena, zimefika nyimbo tupu." Nyimbo tupu. Kola aliyasoma maneno hayo mara mbili, yakamchoma. Kabla hajayameza, muuza dawa akaingia na kipimo cha presha, akamfunga mkono bila kuuliza.

"Ulimi unaweza kuutoa?" muuza dawa aliuliza. "Kiharusi huanzia huko."

Akautoa. Ulikuwa mzima, unawasha.

Nyuma yake akaja msusi, kitenge kichwani na uso wa msibani. "Pole, fundi. Ni nani aliyefariki?"

"Hakuna aliyefariki. Wimbo wa tatu umeusikia?"

"Wimbo gani?"

"Wa leo. Wa tatu."

Msusi akacheka kidogo, kwa upole, kama mtu anayemwambia mtoto ukweli. "Aa, nyimbo mimi huwa naziruka, fundi. Naenda kwenye maneno. Si sote hufanya hivyo?" Akamgeukia muuza dawa. Muuza dawa akasoma presha kwa bidii kubwa kuliko inavyohitajiwa.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Miaka yote hiyo Kola alikuwa anapika chakula, watu wanakula chumvi. Alijisikia mjinga, na upweke ukamkaa kifuani. Akawashukuru kwa kuja kumwona, akarudi kwenye shati la mtu.

Mtaani nako kimya hakiachwi kilale. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa, na mtaa mzima uliwasikia. Ilipofika Jumamosi mchana ilikuwa imeshajulikana kwamba Kola hakunyamaza bure, anajipanga kugombea udiwani. Ilipofika alasiri alikuwa na kampeni, wafadhili, na maadui wawili, na yeye mwenyewe hakuwa na habari, alikuwa ananyoosha shuka za nyumba ya wageni.

Jioni hiyohiyo diwani akatokea. Nguo zake huletwa na dereva, lakini safari hii alilibeba shati mwenyewe, jeupe, la uzinduzi wa Jumatatu. Akakaa kwenye kigoda. Akasifu kibanda. Akasifu spika, pamoja na mpira wake wa baiskeli. Alipokosa cha kusifu akaja kwenye jambo.

"Fundi, mimi na wewe ni watu wazima. Unataka nini?"

Kola alielewa kwamba mlango umefunguka, na kwamba anayeufungua ni mtu yuleyule ambaye yeye humwanika kila Ijumaa. Kumwomba huyu kitu ilikuwa kama kulamba mtaro. Lakini akaviona vidole vya mkewe, vilivyokauka.

"Mke wangu," alisema, na sauti ilikuwa ndogo. "Yuko zahanati. Jumatatu kuna ile nafasi. Naomba asionewe kwa ajili ya mdomo wangu."

Diwani akashangaa kabisa. "Zahanati? Mimi na zahanati wapi na wapi? Ile haiko kwangu hata kidogo." Kisha akakumbuka yeye ni nani. "Lakini nitaliangalia. Nitaliangalia kwa karibu sana."

Unaona, Kola akawaza, hata kudanganya anadanganya kwa awamu, kwanza anakana, kisha anaahidi. Akalipokea shati. Diwani aliondoka akimkumbatia, na pale mlangoni akasema kwa siri, "Ila ile ya utepe na mkasi, fundi, nilicheka sana. Nyimbo sina muda nazo, lakini ile nilicheka."

Jumatatu mkewe alikuja mchana, hajavua sare, miguu imechoka. Shati la diwani lilikuwa mezani, dereva angelifuata muda wowote. Mkewe akakaa kwenye kigoda, akavua viatu.

"Nimepata," alisema.

Kola aliishika meza. Furaha ilimpanda mpaka ikambidi ageuze uso ajifanye anatafuta chupa ya maji. Ilipomshuka akasema, kwa uchungu wa mtu anayelipa deni la heshima, "Basi niseme ukweli. Diwani ana utu kidogo."

"Diwani kaingiaje hapo?"

"Si ndiye aliyekuwa anaamua?"

"Nani alikwambia?"

Kola akafungua mdomo, akatafuta nani alimwambia. Akarudi mpaka Jumatano, kwenye kufuli, akapekua kila neno. Hakumkuta mtu zaidi yake mwenyewe.

"Anayeamua ni matroni," mkewe alisema. "Na aliamua tangu wiki ile nyingine, sisi tulikuwa tunangoja kutangaziwa tu. Diwani wako hata choo chetu hakijui kilipo."

"Sasa kwa nini ulininyamazisha?"

Mkewe alijikanda nyayo kabla ya kujibu. "Nilitaka kusikiliza nyimbo. Wimbo ukianza tu kunikolea, unaingia wewe na mtaro. Wa pili ukianza, unaingia na goti. Nikasema, mwenzangu, Ijumaa moja nisikilize kama watu."

"Na ukasikiliza?"

"Ule wa tatu niliurudia mpaka wagonjwa wakaanza kuuitikia. Yule mwitikiaji wa nyuma, mwishoni, sauti inamkatikia katikati ya neno, halafu anacheka kidogo, anaendelea. Hawakuukata mcheko wake. Wameuacha humohumo."

Kwa ajili ya kile kicheko tu Kola aliuchagua wimbo ule. Hakuwa amemwambia mtu. Alisimama na pasi mkononi, kila alichokingoja Ijumaa zote kimetoka kwenye kigoda cha kibandani kwake, kwa mtu anayelala naye kitanda kimoja.

"Hujawahi kuniambia," alisema.

"Ningekwambia saa ngapi? Unaongea wewe." Mkewe hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililouma. "Unajua mambo ya nchi nzima, mume wangu. Unajua utepe ulikatwa mara ngapi. Bosi wangu mimi hujui hata ni mwanamke au mwanamume. Hukuniuliza."

Kola alitaka kujitetea. Badala yake akanyoosha mkono, akaizima spika.

"Haya," alisema, akaanza na kola ya diwani. "Matroni ni mtu wa namna gani?"

Mkewe akamtazama kwanza kuhakikisha kwamba anaulizwa kweli. Halafu akavuta pumzi. "Matroni? Matroni ni mtu anayekwambia pumzika, halafu anahesabu umepumzika mara ngapi. Ana miwani mbili, moja ya kusoma, moja ya kukutazama nayo usione macho yake. Siku ya kwanza kabisa alinituma sabuni, nikarudi nayo, akainusa mbele ya wagonjwa..." Akaendelea. Akamwigiza matroni anavyotembea na kukohoa kabla ya kusema uongo. Akapita kwa mhasibu, akapita kwa mlinzi anayelala na kofia usoni, akarudi kwa matroni akamkuta palepale alipomwacha. Alijua mahali pa kuchelewesha neno, na alijua mahali pa kulidondosha. Kola alikuwa amesimama, hacheki hata, mdomo wazi, asije akapoteza kitu.

Muuza dawa ndiye aliyesikia harufu kwanza, akagonga ukuta. Kola alitazama chini. Kola ya diwani ilikuwa ya kahawia, na moshi mwembamba ulikuwa unapanda kutoka kwenye alama ya pasi.

Mkewe akanyamaza, mkono kinywani.

Kola aliisimamisha pasi pembeni, bila haraka. Nje, gari la dereva lilikuwa linapiga honi.

"Endelea," alisema.