NyaLongwe, fundi wa matangi ya samaki anayesikiliza kwa kiganja

Saa mbili na nusu asubuhi, ukungu wa Mzuzu haujainuka bado, na NyaLongwe amepiga magoti katikati ya bwalo la Shule ya Viziwi ya Mphongo, chaki mkononi, akichora sakafu ya watu kama afanyavyo kila anapoanza kazi. Mstari unaanza pale tangi la samaki litakapokaa, unapita chini ya dirisha, unafuata ukuta, halafu unatoka mlangoni kuelekea stoo ya kuni nyuma ya jiko.

Nyuma yake amesimama mpishi wa shule, Lughano Mwenifumbo, mikono kiunoni. Ndiye anayepiga deki bwalo hili. Hajasikia kitu tangu akiwa na miaka sita, na sasa ana hamsini na minane. Anaitazama chaki, anamtazama fundi, kisha anamgeukia mwalimu mkuu, Chawanangwa Nyasulu, na vidole vyake vinaanza kwenda mbio.

"Anasemaje?" anauliza NyaLongwe.

"Anauliza kama ulipokuwa shule hukupewa daftari," anafasiri mwalimu.

NyaLongwe anacheka mpaka chaki inamponyoka. "Mwambie asipige deki hapa wiki nzima. Nataka mstari huu uishi na nyinyi. Mkishaukanyaga siku saba ndipo mtajua kama bomba langu litawasumbua."

Mpishi anajibu kwa ishara moja fupi. Mwalimu anasita kidogo kuifasiri.

"Anasema yeye ataishi nao, lakini wewe ndiye utakayekuja kupiga deki siku ya nane."

Jina lake kamili ni Towera Longwe; NyaLongwe ni kusema binti wa akina Longwe. Ana miaka hamsini na mitatu. Hakuna anayemwita Towera isipokuwa mumewe, naye mpaka awe na jambo. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa akipanga mabomba na pampu za matangi ya samaki katika nyumba, hoteli na zahanati, kuanzia Mzuzu hadi ziwani Nkhata Bay. Mwezi mzuri huingiza kwacha laki sita. Mwezi mbaya hurudi kuzibua vyoo, na haoni aibu.

"Watu wanadhani kazi yangu ni samaki," anasema. "Samaki watajijua wenyewe. Kazi yangu ni maji. Yashuke, yasafishwe, yapande. Basi! Lakini jaribu uone."

Tangi la Mphongo ni la lita elfu moja na mia mbili. Limetokana na vioo vya mwanafunzi wa zamani wa shule hiyo ambaye sasa ana karakana ya madirisha. Mbuna, wale samaki wadogo wa miambani wenye rangi za kitenge, watatoka ziwani.

Mwalimu Nyasulu anaeleza kwa nini shule inawataka. "Wengi wa wadogo wetu ni watoto wa ziwani. Wakipandishwa huku kwenye baridi wanalia wiki mbili nzima. Huwezi kumwimbia mtoto asiyesikia. Nikasema, basi tumletee kitu cha kwao akitazame."

Kwa kawaida tangi la chini, lile la kusafishia maji, hukaa kabatini chini ya tangi lenyewe, pamoja na pampu yake. Mphongo haikuwezekana. Bwalo ndilo darasa la mchana, na baadhi ya watoto huvaa vifaa vya kusikia. Mngurumo wa pampu huingia kwenye vifaa hivyo na kuifunika sauti ya mwalimu.

Kwa hiyo NyaLongwe akalipeleka tangi la chini mbali, kwenye stoo ya kuni. Ni mita kumi na moja za bomba, na mita mbili na nusu kwenda chini kwenye mteremko. Aliichagua stoo hiyo kwa sababu nyingine pia. Inapakana na ukuta wa jiko, na mwezi wa sita Mzuzu inapotetemeka, ukuta ule huwa wa moto kutwa nzima. Samaki watapashiwa maji na uji wa watoto.

"Kwenye boksi la pampu wameandika lita elfu nane kwa saa," anasema, akipiga kidole kwenye karatasi yake. "Elfu nane ya wapi, jamani? Hiyo ni ikiwa haipandishi hata kidole kimoja. Ukiipandisha mlima huu unapata nusu, na ushukuru. Halafu kila kona ya bomba inakula tena. Mimi nikiona fundi anapiga kona sita bila kuhesabu, natamani kumchapa."

Yeye amepiga kona nne tu, zote za kulegea, maji yapinde taratibu.

Hofu yake kubwa si pampu kufanya kazi. Ni pampu kuacha. Umeme ukikatika, na hapa hukatika, maji ya juu hurudi chini kupitia bomba lilelile lililoyapandisha. Yasipozuiwa, nusu ya tangi itamwagika stooni, na upande wa pili wa ukuta kuna magunia ya unga wa muhula mzima.

Mafundi wengine hutegemea valvu ya kuzuia maji kurudi. NyaLongwe haitaki hata kuiona. "Konokono mmoja mdogo akikaa mdomoni mwake, umekwisha." Yeye hutoboa kitundu kwenye bomba, chembamba kama njiti ya kiberiti, vidole viwili chini ya uso wa maji. Maji yakishuka hadi hapo, kitundu kinavuta hewa, bomba linaguna mara moja, na maji yanaacha kurudi. Amepiga hesabu kwamba zitarudi lita themanini na tano. Tangi la chini ameliachia nafasi ya mia na ishirini.

Na mguno huo mmoja ndio alioutegemea miaka yote. Kwenye mkoba wake, kati ya misumeno na gundi, kuna mwiko wa kusongea nsima, ugali wa huku. Huuweka ncha moja kwenye bomba na nyingine kwenye mfupa wa sikio. Pampu nzima huvuma. Pampu inayovuta hewa hutatarika kama maharage makavu yanayomiminwa kwenye sufuria. Nkhata Bay wanamwita Fundi Mwiko.

Kuna jambo ambalo NyaLongwe hakulisema asubuhi ile ya chaki, wala hakuwahi kulisema kwa mteja yeyote. Kwa miaka mitatu sasa masikio yake yanamwacha.

"Kwanza walipotea ndege," anasema. "Nikadhani wamehama. Halafu simu. Halafu mume wangu Wedson akadhani nimemnunia. Msimu mzima wa mvua yeye anajua nimenuna, mimi sina habari! Akaninunulia kitenge cha kuniomba radhi. Nikakipokea, na sikumwambia kwamba hana kosa."

Daktari alimwambia ni ile mashine ya kukatia mabomba aliyoitumia kiwandani miaka kumi na mmoja bila kuziba masikio. Dawa hakuna. Kifaa kimoja cha kusikia kingemlia mapato ya miezi mitatu mizuri, na miezi mizuri haifuatani.

Akaamua kuficha. Alijifunza kutazama midomo ya wateja na kuitikia kwa kichwa. "Mteja akijua fundi wa pampu hasikii pampu, atamwita wa nini? Hii ndiyo kazi yangu. Sina nyingine."

Mwaka jana kuficha huko kulimtoa machozi. Katika nyumba ya wageni ya Bwana Hastings Kondowe, Nkhata Bay, aliweka mwiko kwenye pampu, hakusikia tatizo lolote, akasema kila kitu ni shwari. Kumbe pampu ilikuwa inavuta hewa. Siku mbili baadaye iliungua, na mbuna thelathini na wawili wakafa.

"Nilimwambia Bwana Kondowe umeme ulipanda na kushuka. Akaniamini." Anazungusha chaki vidoleni. "Alinifariji mimi, unaelewa? Yeye ndiye aliyefiwa na samaki, na ananifariji mimi."

Wiki tatu baada ya chaki, kila kitu kimefungwa. Tangi limejaa maji, samaki bado. Ni siku ya kuzima. NyaLongwe hakabidhi kazi mpaka mwenye tangi azime umeme kwa mkono wake mwenyewe, ili siku utakapokatika kweli asishtuke.

Mwalimu Nyasulu amesimama kwenye swichi. Lughano yuko stooni kulinda tangi la chini. NyaLongwe yuko bwaloni, mwiko kwenye bomba, sikio kwenye mwiko. Kitundu chenyewe hakionekani, kimefichwa nyuma ya kioo cheusi.

"Zima!"

Kwa hesabu yake, mguno utakuja kabla hajafika hamsini. Anahesabu kwa midomo. Thelathini. Arobaini. Hamsini. Anakandamiza mwiko hadi unamuumiza. Sitini. Sabini. Kimya kitupu.

Mwiko unaanguka. Mama huyu wa miaka hamsini na mitatu, mwenye goti bovu, anatimka nje, anapita jikoni, anashuka mteremko akishikilia sketi. "Unga! Jamani, unga wa watoto!"

Stooni anamkuta Lughano ameketi juu ya gogo, kiganja kimoja kwenye bomba, mkono mwingine ameuinua, ngumi imefungwa. Yaani maji yameacha kurudi. Maji yako vidole vinne chini ya ukingo wa tangi, yametulia.

Mwalimu Nyasulu anafika akihema. Mikono ya mpishi inasema na yeye anafasiri. "Anasema bomba liliguna mara moja, zamani sana, likanyamaza. Anauliza ulikuwa unakimbilia nini."

Hapo Lughano hamngoji mfasiri. Anagusa sikio lake mwenyewe, anatikisa kidole, anamnyooshea fundi. Ishara hiyo haikuhitaji mwalimu.

"Ndiyo," anasema NyaLongwe, na machozi yanamtoka mbele ya watu. "Ndiyo, kaka. Sisikii."

Mpishi anasema kitu kirefu. Sauti ya mwalimu inapungua anapokifasiri. "Anasema alijua tangu siku ya kwanza. Unatazama midomo ya watu kama sisi tulivyokuwa tukitazama kabla ya kuja shule. Anasema, hiyo kazi ya kujifanya unasikia inachosha sana. Aliifanya miaka minne."

Kisha Lughano anamshika mkono fundi, anaukunjua, anaulaza kwenye bomba. Anamwashiria mwalimu arudi kwenye swichi na kuiwasha. Pampu inapandisha maji. Anaonyesha izimwe.

Mara ya kwanza NyaLongwe anahisi baridi tu. Mara ya pili anahisi maji yakirudi. Lughano anamwinua kiganja, anamwachia ncha za vidole tu kwenye bomba, pale ngozi ilipo laini. Mara ya nne fundi anaruka kana kwamba kitu kimemgonga kutoka ndani ya bomba.

"Huyo! Huyo hapo! Ameguna!"

Walizima na kuwasha mara kumi na moja. Mwalimu Nyasulu alilalamika kwamba swichi ya shule itakufa kabla ya samaki kufika. Mwiko uliokotwa bwaloni na mpishi, akaugeuza huku na huku, akatoa hukumu yake kwamba ni mdogo mno, hautoshi hata kumsongea paka. Hata hivyo aliutundika jikoni.

Leo mbuna arobaini wanazunguka kwenye mawe ya bwalo la Mphongo, na watoto wamempa NyaLongwe jina la ishara. Ni kiganja kilicholala juu ya mkono, kikisubiri. Kila Jumatano anakuja kujifunza ishara, na Lughano humcheka anapokosea. Juzi alitaka kuomba chai, akaomba kuoga.

Ana mpango. Mwakani anataka kuwachukua vijana wanne wanaomaliza shule hapo na kuwafundisha mabomba na pampu. "Mimi nimepoteza miaka mitatu nikililia masikio. Hawa viganja vyao vinajua tayari. Acha nije niwape hesabu za kona tu."

Mwandishi alipomuuliza kama kweli anataka habari ya masikio yake iandikwe gazetini, alijifuta chaki vidoleni kwanza. Wateja wanaweza kumkimbia, na analijua hilo vizuri.

"Andika," alisema. "Lakini ngoja. Kuna mtu mmoja haifai asome kwenye gazeti kwanza."

Alitoa simu, akaandika polepole kwa kidole kimoja. Alimwandikia Bwana Kondowe kwamba haukuwa umeme. Ilikuwa ni yeye, hakusikia, na alidanganya. Mbuna thelathini na wawili. Akatuma, akaiweka simu mapajani, akaendelea kuamuru.

"Andika hivi. Wanaotaka kazi wasipige simu, watume ujumbe. Na ukija kwangu, simama mbele yangu, usizungumze huku umenipa mgongo. Ukizungumza ukitafuna muhogo sikufanyii kazi. Umeandika muhogo?"

Alikuwa bado anasema pale mkono wake uliposhuka ghafla pajani. Simu ilikuwa imetetemeka. Aliusoma ujumbe, akausoma tena, kisha akampa mwandishi asome yeye, kwa sababu herufi zilikuwa zimeanza kumcheza machoni.

"Walikuwa 34. Nilikuwa nawahesabu kila asubuhi. Njoo Jumatatu, NyaLongwe. Njoo na chaki."