Nani Anaonja Huko Kambini

Neno lililonitia wasiwasi lilikuwa "bure". Kambi ya mapumziko ya watoto na watu wazima wenye ulemavu, wiki nzima huko Kibosho; chakula, malazi na usafiri, vyote bure. Mama alilisikia tangazo kanisani akafurahi. Mimi alinisimulia jikoni, na kabla hajamaliza nilikuwa nimeshaanza kutafuta mtego uko wapi.

Nilikuwa nimemaliza chuo, kazi sijapata, muda wa kufikiri ninao tele. Nani analipa, na yeye anapata nini? Nikaamua ni picha. Watampiga kaka yangu picha akiwa kwenye kiti cha magurudumu, kichwa kimelala begani, kisha wawatumie watu wa mbali wamhurumie. Nikamwambia Mama tukatae picha zote.

"Umesoma mpaka umeharibika," alisema, huku akikunja suruali za mitumba za kupeleka sokoni Kiboriloni. "Picha inamng'ata mtu?"

Kaka ni mkubwa kwangu. Mikono yake hukakamaa na kwenda inakotaka, na maneno yake mengi huishia kooni, lakini anaelewa kila kitu. Kila asubuhi tukimtoa nje hugeuza shingo kuutazama mlima kwanza, uji baadaye. Aliposikia kwamba siku ya Ijumaa wanakambi watapelekwa juu hadi ukingoni mwa msitu, alipiga kelele ya furaha mpaka jirani akachungulia kuuliza kuna msiba gani.

Siku ya kuondoka, mratibu wa kambi, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya darasani, alitukusanya kando ya basi. "Ndugu zetu, tunaomba msije kabla ya Jumamosi. Waacheni wazoee."

Watu waliitikia kwa kichwa. Mimi nikajiuliza: wazoee nini?

Kila jioni nilipiga simu, na kila jioni mratibu alinijibu vilevile: "Anaendelea vizuri sana." Nikimuuliza amekula nini, ananiambia chakula cha kambi. Nilianza kulichunguza hilo "sana". Mtu anayeendelea vizuri anaendelea vizuri tu. "Sana" ni la nini? Siku ya Jumatano, nyuma ya sauti yake, nikasikia mtu akisema wazi: "Yule kaka wa Kiboriloni leo tena hajagusa." Simu ikakatika. Au ilikatwa.

Nilipomwambia Mama, aliiweka kando suruali aliyokuwa akikunja. Kisha akasema, "Kesho nenda. Kama hali chakula, rudi naye. Huo msitu utamngoja."

Pikipiki iliyonipandisha Kibosho ilikuwa inaruka mawe, na dereva akiniuliza kama naenda kusomea utawa. Sikumjibu. Nilikuwa napanga maswali.

Kambi ilikuwa kwenye shule ya parokia, wanafunzi wakiwa likizo. Nilipofika getini, uwanja ulikuwa umejaa vicheko. Walikuwa wakicheza mpira wenye njuga ndani. Mwanamke asiye na miguu alikuwa golini, ameketi kwenye mkeka, anafoka.

"Penalti gani hiyo? Refa wewe kipofu!"

"Ndiyo, mimi kipofu," refa alijibu, fimbo yake nyeupe ikiwa kwapani. "Lakini nimesikia kofi ulilompiga mwenzako. Weka mpira chini, mama."

Watoto walicheka hadi kuanguka kwenye nyasi. Nami, badala ya kucheka, nikawaza: wameniona getini ndipo wakaanza?

Nilimkuta Kaka bwaloni, peke yake na mlezi wake, binti wa kutoka Mtwara ambaye hakuwa amenizidi umri. Mbele yao kulikuwa na bakuli la mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, umeshaanza kugandia juu. Kaka aliponiona alifungua mdomo wote kwa furaha. Binti akaona nafasi, akaleta kijiko. Mdomo ukafungwa. Kwa kiganja kilichokunjika akalisukuma bakuli kuelekea kwa yule binti, taratibu, bila hasira.

"Ndivyo anavyofanya, dada," alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Kila chakula. Uji ananirudishia, wali ananirudishia. Anachokula ni ndizi mbivu, tena nimenye yeye akiona. Na maembe. Mimi nadhani hanipendi."

Mratibu aliingia. Nilimwamkia shikamoo kwa sauti kavu kuliko nilivyokusudia.

"Marahaba. Naona umekuja kabla ya Jumamosi."

"Mwalimu, kila siku umeniambia anaendelea vizuri sana."

Hakukwepa. "Nilikuambia hivyo. Mwaka jana nilisema ukweli kwa familia moja kwamba mtoto wao amelia usiku mmoja. Asubuhi wakaja kumbeba. Alikuwa ameshaacha kulia, akaanza upya walipompandisha kwenye gari." Akavuta kiti. "Lakini huyu simpeleki msituni kesho akiwa na ndizi tu tumboni. Akianguka huko juu nitamwambia nini mama yenu? Ama ale leo, ama umchukue."

Kaka alinitazama, akatazama begi lake lililokuwa ukutani, akaelewa. "Kule," alisema. Shingo ilijipinda kuelekea dirisha la upande wa mlima. "Kule. Kule."

Kwa hiyo nilichokuwa nimekishuku kilikuwa kweli: walitudanganya. Lakini sikupata raha yoyote ya kuwa sahihi.

Yule binti aliniletea chai ya maziwa. Nilishukuru, nikaishika kwa mikono miwili. Nilikuwa na kiu ya vumbi la njia nzima, na bado sikuinywa. Niliiweka mezani. Nikakigeuza kikombe mkono uangalie huku, kisha kule. Nikajikuta namtazama binti usoni, nikingoja. Ngoja, nangoja nini?

Kaka naye alikuwa akiitazama ile chai. Kisha akamtazama binti. Kwa macho yaleyale.

Kwetu, anayekupa kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, huonja kwanza mbele yako, ameze, ndipo akupe. Watu wa zamani walikuwa na sababu zao za kuogopana, na sababu zilipokwisha adabu ikabaki. Bibi yetu aliyemlea Kaka hakuiacha kwenye pombe. Aliipeleka kwenye uji, kwenye maziwa, kwenye mtori. Mama akaendelea. Kaka hajawahi katika maisha yake kupewa bakuli ambalo mtoaji hajaonja. Tunda lenye ganda halihitaji shahidi. Mtori unahitaji.

Nami niliyejiona msomi wa kushuku kila kitu, kumbe nilikuwa nimekaa na tabia ileile, chai inapoa mezani.

"Dada," nikamwambia binti, "tafadhali onja huo mtori. Aone."

Akamtazama mratibu. Mratibu akatikisa kichwa. "Hapana. Hapa kila mtu na kijiko chake. Tuna watu wenye vifua dhaifu."

"Basi viwe viwili," nilisema. "Chake na chako. Aone tu unameza."

Binti alileta mtori wa moto na kijiko cha pili. Akachota, akapuliza, akala. Kaka alimtazama kooni. Binti akachota tena kwa kijiko cha Kaka na kukileta. Mdomo ukafunguka.

Alikula bakuli lote, akadai la pili. Kwenye la pili binti alisahau kuonja, akasukumiwa bakuli, akacheka huku analia. "Samahani, kaka. Samahani. Haya, naonja."

Nilimpigia Mama nikiwa nje, karibu na migomba.

"Anakula," nikasema. "Simleti. Kesho anapanda."

"Nani anaonja huko?"

"Mlezi wake. Binti wa Mtwara."

"Anaonja kweli, au anagusisha midomo?"

"Nimemwona akimeza, Mama."

"Wewe ulikuwapo. Kesho huko msituni atameza?"

Hilo ndilo swali lililonirudisha mjini bila kusikia alichokuwa akisema dereva wa pikipiki. Kwa nini nimemwacha? Je, akisahau tena, akadhani ni ujeuri, akamwacha na njaa? Ijumaa asubuhi, mimi niliyekataa picha, nilimtumia mratibu ujumbe kumwomba picha. Kisha ujumbe mwingine. Kisha wa tatu, wa kuomba radhi kwa ile miwili.

Picha ilifika mchana, mimi na Mama tukiwa sokoni kwenye meza yake. Kaka katikati ya mapori ya kijani, magurudumu yamejaa tope, kichwa amekitupa nyuma kutazama miti mirefu, mdomo wazi. Kando yake yule binti, ameshika kikombe cha maziwa mgando.

Mama alifuta mikono kwenye kanga, akaninyang'anya simu. Hakuangalia msitu. Hakuangalia hata mwanawe.

"Ikuze hapa," alisema, akigusa uso wa binti.

Nikaikuza. Juu ya mdomo wa binti kulikuwa na mstari mweupe wa maziwa.

Mama aliutazama kwa muda mrefu. "Amekunywa," akasema, akanirudishia simu, akamgeukia mteja aliyekuwa akivuta suruali. "Karibu, baba. Hiyo ya kwako kabisa, jipime."