Migomba ya Nusu Bei

Nimekosa mimi. Si shetani, si ujana, si mume wangu. Ni mimi mwenye cheti cha kidato cha nne, niliyekaa darasani nikafundishwa kilimo, ndiye niliyemnyima mama mkwe wangu chakula uzeeni. Mkitaka kunitukana, subirini nimalize, maana mkifika mwisho mtakuwa na matusi mengi zaidi.

Niliolewa Muleba, kwenye kibanja cha zamani, shamba la migomba linalozunguka nyumba. Babu za mume wangu wamezikwa humo humo chini ya migomba. Mama mkwe alikipalilia tangu akiwa bibi harusi, na kila jioni alikula ekitoke, ndizi zetu za kupika, kutoka mikononi mwake mwenyewe. Kwake yeye ukila kingine chochote bado hujala.

Kijiji chetu kilipokuwa cha ujamaa, mume wangu alipimiwa kipande kule rweya, kwenye nyasi tupu ambako zamani walichunga ng'ombe tu. Tulitakiwa kuanza kibanja kipya. Na kile cha zamani nacho kilikuwa na mapengo, upepo ulikuwa umeangusha migomba kadhaa. Tulihitaji machipukizi, tena mengi.

Mama mkwe akatoa pesa za kahawa yake. Akaniambia niende Kamachumu kwa rafiki yake, ambaye hapa nitamwita Ma Felista. Hao wawili walipata kipaimara siku moja, na tangu hapo, mpaka mama mkwe alipoacha kutembea mbali, hakuna msiba wala ngoma ambayo mmoja alikwenda bila mwenzake.

Machipukizi ya Ma Felista yalikuwa ghali mara mbili kuliko ya mtu yeyote. Halafu unasubiri! Anachimba ukiwa umesimama hapo hapo. Anachukua kisu, anamenya tunguu lile la chini mpaka linakuwa jeupe kama muhogo. Akikuta doa jeusi, chipukizi zima linatupwa juani. Hauzi, hata ukilia.

Mimi niliona ni maringo ya kizee. Mgomba ni mgomba! Shuleni tulifundishwa matumizi bora ya fedha, na mimi nilijiona ndiye peke yangu katika ile nyumba ninayejua hesabu. Nilichukua pesa huku moyoni nikisema nitawaonyesha.

Wiki hiyo nilikuwa nampeleka mtoto kliniki Bukoba. Nililala Kashai kwa binamu yangu, kwenye chumba chake cha kupanga. Chumba kimoja tu, lakini dirisha lina pazia la maua! Nililala nikilitazama lile pazia. Ndiye binamu aliyeniambia kuna bwana mmoja mtaa wa Hamugembe, hapo hapo mjini, anang'oa kibanja chake ajenge vyumba vya kupangisha, na machipukizi anayauza nusu ya bei ya kawaida.

Asubuhi nikawa huko. Bwana yule alikuwa na maneno matamu. Alimsifia mtoto wangu, akanisifia na mimi, akasema migomba haina kabila, ipandwe popote itazaa. Rundo lilikuwa kubwa. Nikaokota chipukizi moja, nikaligeuza.

Chini palikuwa na tundu. La mviringo, unene wa penseli, na ndani yake unga mweusi kama ugoro.

Sasa nisikilize vizuri, wewe unayesoma, kwa sababu hapa ndipo ilipo dhambi yangu. Nilijua ni nini! Sikuwa mjinga. Fukusi wa migomba nilimchora mimi mwenyewe kidato cha pili, mdudu mweusi mwenye pua ndefu, na mtoto wake mweupe anayetoboa tunguu mpaka mgomba unakosa pa kushika ardhi. Mwalimu aliuinua mchoro wangu darasa zima likauona.

Nikamwuliza yule bwana, "Na hili tundu?"

"Jembe hilo, dada."

Nikasema ehe, jembe. Jembe gani linatoboa mviringo? Lakini nilitaka kuamini, nikaamini. Akili ilikuwa imeshafika dukani kwenye vitambaa.

Pesa iliyobaki ilinunua mapazia. Maua mekundu, madirisha mawili. Nyumba yenyewe ina madirisha mawili tu, kwa hiyo nilijiona nimemaliza.

Basi lilipopita njia panda ya Kamachumu, utingo akauliza nani anashuka. Nikainama nikamfunga mtoto vizuri mgongoni, kama vile alikuwa amelegea.

Nilipofika nyumbani mama mkwe alitoka nje mwenyewe kupokea mzigo. Hakuuliza habari za migomba. Aliuliza, "Rafiki yangu hajambo?"

"Hajambo, mama waitu. Anakusalimu sana."

Ndivyo nilivyosema. Nikaongeza kwamba mguu unamsumbua kidogo, ili salamu zifanane na za kweli! Mama mkwe akasikitika juu ya ule mguu. Mapazia nikasema nimepewa na binamu.

Machipukizi aliyachagua yale mazuri mazuri, akayapanda kwenye mapengo ya kibanja chake cha zamani. Rweya tulipanda yaliyobaki. Alijaza samadi, akatandaza nyasi, akawa anawaambia majirani kwamba haya ni ya Kamachumu, njooni muone. Nilisimama mlangoni, nyuma yangu pazia linapepea. Ningesema siku ile tungeyang'oa yote kabla ya chakula cha mchana. Sikusema.

Mwanzoni yaliota vizuri, na hilo ndilo lililonidanganya. Nilitembea mle ndani kama mshindi.

Masika yaliyofuata migomba ikaanza kuanguka. Si ile mipya tu, jamani! Hata ya zamani, ile ambayo mama mkwe aliikuta alipoolewa. Unasikia kishindo, ukitoka unakuta mgomba mzima umelala na mkungu wake mchanga, vidole vimekonda kama vya mgonjwa. Upepo wenyewe hakuna. Ukishika shina linakuja lote mkononi, chini kumeoza.

Bwana shamba aliitwa. Akapasua tunguu mbele ya watu, wakatoka wale watoto weupe wa fukusi wakijinyonganyonga. Akasema wadudu hawa hutembea polepole sana, mara nyingi huja wamebebwa ndani ya miche. Akauliza miche ilitoka wapi.

Nilimwona mama mkwe anavyotafuna mdomo. Mume wangu ndiye aliyesema, "Kamachumu."

Na mimi nikanyamaza! Nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi cha kumgusa bega.

Mwenyekiti akatangaza mkutanoni kwamba mtu asinunue tena miche kwa Ma Felista. Habari ikapanda kilimani haraka kuliko moto wa nyasi. Nilisikia machipukizi yake yamekaukia uani, mengine watu waliyarudisha yakiwa yameshaota majani, hayana kasoro yoyote. Na mama mkwe alituma ujumbe kwa mtu aliyekuwa anapanda kwenda Kamachumu. Alisema, "Mwambie nikifa, asije kukaa kwenye msiba wangu."

Ninyi mnaotoka mahali pengine hamtaelewa uzito wa neno hilo. Huku, mtu ukimkataza msiba wako umemfuta.

Halafu njaa ikaja. Si njaa ya kufa, hapana, lakini njaa ya aibu. Mhaya mwenye kibanja, ananunua ndizi sokoni! Niliubeba mkungu wa kununua kichwani na watu wananiangalia kama ninayetembea uchi. Kila wiki nanunua. Pesa ikiisha tunakula ugali wa unga wa njano kutoka duka la kijiji. Mume wangu alikula. Mtoto alikula. Mama mkwe alikata tonge moja kwa heshima yangu, akasema ameshiba, akaenda kulala.

Nguo zilianza kumpwaya. Nikimwangalia mabega naona nilichonunua kwa nusu bei.

Siku moja mchana tulikuwa uani tunachambua maharage. Akaja Ma Felista. Amekuja kwa miguu kutoka Kamachumu, kichwani mkungu wa ekitoke wa kuvunja shingo, na mguu ni mzima kabisa. Akasimama pale njia inapoingilia nyumbani, hakuingia.

Akasema, "Nimesikia huli."

Mama mkwe hakuinua macho kwenye ungo. "Ulichoniuzia kimenitosha."

"Nilikuuzia nini mimi? Tangu msimu wa kahawa wa mwaka juzi sijaona mtu wa nyumba hii."

"Huyu hapa." Mama mkwe akanionyesha kwa kidevu. "Alikuja kwako. Akarudi na salamu zako."

Ma Felista akautua mkungu chini taratibu. Akanitazama. Hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo.

"Mwanangu," akasema, "nilikusalimia lini?"

Nilikuwa na uongo mwingine tayari mdomoni, siwadanganyi. Ningesema alisahau, ni mzee. Nani angemwamini? Nilishamharibia jina, kilichobaki ni kumharibia na akili. Lakini nilimwona mama mkwe anautazama ule mkungu. Koo lake lilipanda likashuka. Alikuwa na njaa, na angeuacha uoze pale njiani kwa ajili ya salamu nilizozitunga mimi ndani ya basi.

Nikasema, "Hamugembe. Niliyanunua Hamugembe."

Ma Felista ndiye aliyeuliza. "Walikupunguzia ngapi?"

"Nusu."

"Na hiyo nusu iko wapi?"

Nikanyoosha kidole dirishani.

Yule mama aliyatazama mapazia, maua mekundu yamepauka kwa jua. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi karibu na mkungu wake, machozi yanamtoka, na sikujua tena kama ni kicheko. Mama mkwe akauacha ungo, akaenda akakaa naye hapo hapo njiani. Wakaanza kumenya ndizi wawili wao.

Walipika wenyewe. Mimi sikuitwa.

Tangu siku hiyo mama mkwe anaongea nami kupitia kwa mtoto. "Mwambie mama yako alete maji." Mtoto mwenyewe hajajua kusema vizuri, anakuja kusimama mbele yangu tu, na mimi naleta maji. Mume wangu aliniambia neno moja tu: kwamba umaskini wangu ungemwuma kidogo kuliko usomi wangu.

Nilisimama kwenye mkutano wa kijiji, tumbo la mtoto wa pili likiwa mbele, nikasema yote kama nilivyoyaandika hapa. Wapo waliocheka. Mwenyekiti akaniuliza kama ndivyo tunavyofundishwa sekondari. Nikamwambia tulifundishwa vizuri, mimi ndiye niliyekataa kujua.

Kisha nikapanda Kamachumu peke yangu, kwa Ma Felista, kuomba machipukizi. Nilipiga magoti. Nilitumaini, nasema kweli, kwamba ataniambia chukua bure mwanangu, yaishe.

Akaniambia ng'oeni kila kitu, chomeni, ardhi ikae na maharage na viazi mpaka mdudu afe njaa. Ndipo nirudi.

"Na bei?" nikauliza.

"Bei ni ile ile."

Kwa hiyo nitailipa. Nitalipa ile ile niliyoikimbia, baada ya kununua ndizi za sokoni ambazo kwa pesa yake ningeotesha kilima kizima. Na migomba ya babu hairudi kwa bei yoyote. Kule walikozikwa sasa ni jua tupu, makaburi yako wazi kama vitanda visivyotandikwa.

Bwana wa Hamugembe, kama unasoma: vyumba vyako vimekwisha, nimeviona, vina mabati mapya. Mungu anakuona. Lakini nisikusingizie, tundu lile nililiona mimi kabla hujafungua mdomo.

Na ninyi mama wenzangu, hasa mliosoma, mnaojua hesabu kuliko wakwe zenu. Sisemi kila cha ghali ni kizuri, dunia imejaa matapeli wa bei ya juu pia. Nasema kitu utakachokula miaka yote, ukipewa pesa ya kizuri, nunua kizuri. Usile chenji ya mgomba! Mimi mapazia nimeyashusha, nimemfungia mtoto matakoni kama nepi. Watu wakipita wanaona mpaka ndani, waache waone.

Ukienda kununua chipukizi, ligeuze, uangalie chini. Ukiona tundu, usijiambie ni jembe.