Beseni la Nduma

Katika miaka ya sabini, kila nyanya alipotutumia nduma kutoka kijijini, mama alizimenya, akazikuna, akazikamua kwa kitambaa ndani ya beseni la maji. Kisha aliliacha beseni litulie ili wanga ushuke chini. Wanga huo ukishakauka ndio aliochanganya na unga wa ngano kuoka keki ya sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko.

Beseni lilikaa katikati ya chumba chetu kimoja cha Eastlands. "Atakayetikisa hiyo maji hataonja keki!" mama alifoka. Sisi watoto tulipanda kitandani tukatulia tuli, na jirani akibamiza mlango tulimchukia. Mama, aliyeshinda amesimama kiwandani tangu asubuhi, aliketi kwenye stuli, akaegemeza kichwa ukutani, akafumba macho.

Juzi, hapa kwangu Donholm, nilikuna nduma zangu. Kwa ukaidi tu nikalitikisa beseni makusudi. Maji yalivurugika, halafu wanga ukashuka tena, mweupe pe, kana kwamba sijafanya lolote.

Nilikasirika. Mbona mama hakutuambia tu kwamba amechoka? Lakini tungenyamaza, sisi? Wapi! Tulinyamazia keki.

Sasa wanangu wamehama, na mama tulishamzika. Nyumba hii inashinda kimya kutwa nzima. Ukimya wote aliokuwa akiutafuta ninao mimi, na sina wa kumpa.