Siku ya Damu ya Nanyokie

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shamba la farasi nje ya Isinya, nilitarajia fujo. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya tiba ya mifugo, na sikuamini kwamba farasi anaweza kutolewa damu bila kupigana. Badala yake nilimwona farasi jike mwekundu akitembea peke yake hadi kwenye krashi, ule uchochoro wa mabomba ya chuma ambamo mnyama husimamishwa ili ahudumiwe. Akaingia, akainamisha kichwa, akangoja kamba.

"Huyu ni Nanyokie," alisema Lemayian, mtunza farasi. "Kwa Kimaasai ni mwekundu. Leo ni siku yake ya damu."

"Nani alimfundisha kuja mwenyewe?"

"Hata chai hujakunywa, umeshaanza maswali."

Kazi yenyewe ni hivi. Farasi hudungwa sumu ya nyoka kidogo sana, kisha huongezwa polepole, hadi mwili wake utengeneze kingamwili, yaani askari wa kupambana na sumu hiyo. Halafu tunamtoa damu shingoni. Tunatenga plazma, yale majimaji ya manjano yenye kingamwili, na zile chembe nyekundu tunamrudishia. Plazma husafirishwa kwenda kusafishwa, iwe dawa ya watu walioumwa na nyoka. Mimi niliajiriwa kwa ajili ya farasi wenyewe: kuwapima uzito, kutazama kama ufizi umepauka, kupapasa mahali pa sindano kama kuna jipu, na kusema nani apumzike.

Hapo kwenye kusema ndipo palikuwa na shida. Plazma ya Nanyokie ilikuwa kali kuliko ya wenzake wote, na yeye ndiye aliyekuwa akikonda. Tulimpumzisha muda mrefu, lakini ufizi ukabaki mweupe na majipu hayakupona vizuri. Nikamwambia Daktari Mkuu, mama wa sauti ya chini aliyesimamia shamba, kwamba huyu asitolewe damu tena kabisa.

Lemayian alikuwa karibu. Akanigeukia, akainua mkono wake wa kulia.

"Daktari, mimi niko na vidole viwili vimekauka hivi. Kifutu aliniuma nikichunga ng'ombe upande wa Namanga, na dawa haikuwa. Kwetu ng'ombe tunamtoa damu shingoni kwa mshale, anapumzika, anarudi. Huyu mpe mapumziko. Usimfute kazi."

"Amepumzika na hajarudi."

"Na mtoto akiumwa kesho utampa nini? Ufizi?"

"Hakuchagua kazi hii, Lemayian."

"Nani alichagua? Mimi nilitaka kuwa polisi."

Daktari Mkuu alicheka. "Astaafu," akasema mwishowe. "Atakaa hapa hapa, ale, apigwe brashi. Na wewe kijana, usijione umeshinda. Kesho tunaanza kumdunga mwingine mahali pake."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Kesho yake nilishika kichwa cha yule mwingine, dume mchanga mwenye woga, akidungwa sindano ya kwanza.

Siku ya damu iliyofuata, Nanyokie alitoka malishoni akaja kusimama mlangoni mwa krashi. Nikasema ni mazoea tu, anataka molasi, ile shira ya miwa tunayowapa baada ya damu. Tukamletea ndoo. Akainusa, akaiacha. Nikasema basi anawakumbuka wenzake. Wenzake wakamaliza, wakapita kando yake kwenda malishoni, na hakuwafuata.

"Anataka nini?" nikauliza.

"Wewe ndiye daktari wa maswali," Lemayian akasema. "Muulize."

Akafungua krashi. Nanyokie akaingia, akainamisha kichwa. Lemayian akamfunga kamba na kumpiga brashi shingoni, pale pale sindano ilipokuwa ikiingia, kwa muda ule ule ambao mfuko wa damu ungechukua kujaa. Kisha akamfungulia. Nanyokie akatoka, akala molasi yote, akarudi malishoni.

Mpaka sasa tunafanya hivyo kila siku ya damu. Sijui kama tunamtunza au tunamdanganya, wala sijui kama siku ile nilimwokoa au nilimnyang'anya kitu. Daktari Mkuu hupita akitutazama. Lemayian hupiga brashi kwa ule mkono wake wa vidole vilivyokauka, na kamba huishika mimi.