Jogoo wa Utafiti Alivyoishia Kwenye Sinia

Jamani, aibu hii ni yangu na siikatai, lakini na hasira ninazo, mpaka leo nikisikia harufu ya kuku jikoni nanuna.

Nilikuwa namalizia shahada ya pili, na utafiti wangu ulikuwa hesabu za namna kiumbe anavyojifunza kuchagua: unampa sahani mbili, nyekundu ina dagaa mara nyingi, ya bluu mara chache, na kila akipata dagaa uwezekano wa kuirudia sahani ile unapanda kidogo, akikosa unashuka. Nilimfundisha jogoo mmoja hapo nyumbani kwetu Mkolani mpaka akawa anaufuata mlinganyo wangu kama anausoma (mimi mwenyewe ulikuwa unanitoa jasho). Siku hiyo msimamizi wangu, Dokta, alikuwa anakuja kumwona kwa macho yake, na yeye asiporidhika hakuna kuhitimu.

Nikiwa naenda barabarani kumpokea, nikamwambia mama, "Mgeni wa leo ni mkubwa, mwenye kunipitisha ni yeye." Nilitaka afagie uwanja tu! Narudi na Dokta, jogoo hayupo. Nikamfuata mama jikoni.

"Sasa mgeni mkubwa hivyo ale mchicha?" akaninong'oneza. "Nimekuazimia wa jirani, yule pale nimemfunga. Jogoo si jogoo?"

Hapo ningesema ukweli yangeisha. Mimi nikaona nijaribu, labda na huyu ana akili (mnacheka nini?), nikamleta. Akazipita sahani zote mbili, akaruka mezani, akakanyaga kompyuta, akanyea karatasi za mlinganyo.

"Huyu ndiye uliyemfundisha?" Dokta akauliza.

"Ndiye, Dokta. Leo ameogopa wageni."

Ndipo mama akatoka na sinia, akapiga magoti, firigisi ameiweka juu kabisa kwa heshima ya mgeni. "Karibu baba. Huyu ndiye aliyekuwa anasomeshwa, si unaona alivyonona kwa dagaa!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Na Dokta, bila hata haya, akanawa mikono! Akala firigisi, akala paja, ndipo akaniangalia. "Jogoo kuliwa ningekusamehe. Kunidanganya ndiko kunakokurudisha mwanzo." Halafu akachukua paja la pili.

Kudanganya sirudii, nimekoma. Sasa nafundisha jogoo mwingine, na siku Dokta atakapokuja tena nitakwenda kumpokea barabarani na jogoo wangu kwapani, watu waseme watakavyo.