Maji ya Mama

Kila nikipita sokoni penye omena, harufu yake ikichemka juani, hujikuta nikijipapasa utosi kana kwamba bado umelowa.

Siku ile, nikiwa mtoto, tangu asubuhi Mama alikuwa ufuoni akianika omena, vile visamaki vya ziwani, juu ya wavu. Hangeweza kuziacha, ndege wangezimaliza. Maji ya ziwa hatukuwa tukiyanywa bila kuchemsha, kwa hiyo mchana alinituma nyumbani nimletee ya kunywa kwenye kidumu.

Wakati wa kurudi mchanga ulikuwa unaunguza nyayo. Nilisimama njiani, nikanywa nikashiba. Kisha, kwa raha zangu tu, nikajimwagia yaliyobaki kichwani.

"Maji iko wapi?" Mama aliuliza. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa ukavu.

"Nilianguka, Mama. Yote imemwagika."

Akachuchumaa kwenye jua lile, akanikagua goti moja, kisha la pili. Hapakuwa na hata mkwaruzo. Akaziangalia nywele zangu. Halafu akafungua kitambaa chake cha kichwa, akanifunga mimi, akarudi kugeuza omena kichwa wazi.

Haukupita muda akaanguka kifudifudi juu ya wavu. Wanawake wenzake walimbeba hadi kivulini, wakammwagia maji ya ziwa. Mmoja akanigeukia.

"Kwani si huyu ndiye alitumwa maji?"

Nilisimama pale na kitambaa cha Mama kichwani, kimelowa chepechepe.

Mama alijibu bila kufungua macho. "Mwacheni. Mtoto alianguka."